Nembo yetu kwenye kona

Kichwa cha habari nilikiandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, na nikakipenda: MWIZI WA WATOTO ANASWA IGOMA, APEWA KIPIGO CHA MBWA KOKO. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2021, saa saba na nusu mchana, kwenye ofisi yetu ya habari za mtandaoni hapa Mwanza, na nilikuwa sijala. Njaa ile naikumbuka kwa sababu nilitaka kumaliza haraka niwahi kwa mama ntilie kabla sato hawajaisha.

Klipu ilitoka kwa dereva wa bodaboda ambaye amekuwa sosi wangu kwa miaka. Ajali, moto, maandamano ya wamachinga, yeye ndiye wa kwanza. Ilikuwa na urefu wa sekunde arobaini hivi. Mwanamke yuko chini, kanga imevuka, mkono mmoja ameufunika uso. Pembeni mtoto wa kike wa miaka kama minne analia kwa sauti ya kukata roho. Sauti za watu zinasikika zikisema amezidi, hata juzi wamepotea wawili, mchomeni. Nikampigia. "Dada, nipo hapa hapa," akasema, "huyu mama kaiba mtoto, wamemkuta anamburuza." Nikampigia mkuu mmoja wa polisi, simu ikaita mpaka ikakata. Nikaandika ile sentensi ambayo kila mwandishi wa nchi hii anaijua kwa kichwa: juhudi za kumpata zinaendelea. Hakuna juhudi iliyokuwa ikiendelea. Nilipiga mara moja.

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Wenzetu wameshaiweka," akasema. Nikasoma utangulizi kwa sauti yangu, ile sauti ya habari iliyotufikia hivi punde, kijana wa kuhariri akabandika nembo ya ofisi kwenye kona ya juu, tukapandisha. Tangu klipu iingie kwenye simu yangu mpaka iende hewani zilipita dakika kumi na moja. Nikaenda kula. Sato walikuwepo.

Mwenyekiti wa mtaa alinipigia kabla sijanawa mikono. Namba yangu aliipata kwa diwani. Hakufoka. Mzee yule ana namna ya kuongea taratibu ambayo ni mbaya kuliko matusi. "Binti yangu," akasema, "huyu mama mliyemwandika mwizi nimemfungia ofisini kwangu ili asiuawe. Ni mama mdogo wa huyo mtoto. Mama mtu amelazwa, amejifungua jana kwa upasuaji. Huyu ametoka Sengerema asubuhi hii kuja kumchukua mtoto chekechea. Mtoto hamfahamu vizuri, hajamwona miaka miwili, ndiyo maana alikuwa analia. Sasa huku nje watu wanaonyeshana simu, wanasema hata mtandaoni imethibitishwa."

Imethibitishwa. Neno hilo alilitamka bila kulikazia. Watu waliokuwa wakimpiga walikuwa wanaanza kuchoka, wengine wameanza kuuliza maswali, ndipo sisi tukawaletea ushahidi wa kile walichokuwa wamekisema wenyewe. Klipu ilitoka kwao, ikapita kwetu dakika kumi na moja, ikawarudia ikiwa na nembo.

Mpaka gari la polisi linafika na kumtoa kwa mlango wa nyuma, sisi tulikuwa tumeshafuta. Agizo la bosi lilikuwa maneno mawili: "Futa, basi." Hakuna kilichoandikwa mahali pake. Hoja yake, na wakati ule niliiona ina akili, ni kwamba ukiomba radhi unawaambia na wale ambao hawakuona. Ukifuta kimya kimya, yamekwisha.

Ningeweza kusingizia haraka. Methali yenyewe ipo tayari, na semina zote za maadili nilizohudhuria, zile za hotelini zenye chai na sambusa, zilisema hivyo hivyo: mitandao imeleta haraka, haraka imeua uhakiki. Nami nilijiambia hivyo kwa siku kadhaa. Kilichonizindua ni faili lililokuwa juu ya meza yangu wiki ile ile.

Tulikuwa na stori ya diwani mmoja na kiwanja cha shule. Nyaraka tulikuwa nazo, tena nzuri, zenye mihuri. Stori ile ilikaa siku tatu. Diwani alipigiwa simu mara nne, akatumiwa maswali kwa maandishi, akapewa mpaka kesho yake jioni kujibu. Mwanasheria wa ofisi aliisoma mara mbili na kukata sentensi moja. Ilipotoka ilikuwa na "anadaiwa", ina "inasemekana", ina "kwa mujibu wa nyaraka ambazo tumeziona". Stori nzuri, nisiikane. Lakini ina maana kwamba ofisi yetu ilijua kusubiri. Haraka yetu ilikuwa na adabu: ilipomwona diwani ilivua viatu mlangoni. Kwa yule mama wa Sengerema iliingia na matope.

Kwa diwani tuliandika "anadaiwa". Kwa yule mama tuliandika "mwizi". Na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inayokataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, haina mahali inapouliza kama mtu huyo ana wakili. Yeye hata kushtakiwa hakuwa ameshtakiwa.

Baada ya hapo nilianza kuzisoma upya kazi zangu, na nikaona ni tabia ya muda mrefu, tena imenianza kabla sijaingia onlaini. Nilianza mwaka 2009 kama mwandishi wa mkoani wa gazeti moja la Kiswahili, bila mkataba, nikilipwa kwa stori iliyotoka. Stori zilizotoka upesi zilikuwa za polisi. "Mtu mmoja anayesadikiwa kuwa jambazi ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Nimeandika sentensi hiyo mara ngapi? Siwezi kuhesabu. Wananchi wenye hasira kali hawana majina, hawana umri, hawakamatwi. Hasira yao ni kama mvua ya masika, imekuja na imepita. Aliyekufa naye hana jina. Hakuna aliyewahi kunirudishia stori ile akasema nenda kaulize ndugu zake.

Wakati huo mitandao tuliitazama kama nyumba ya jirani yenye kelele. Blogu ya Michuzi ilikuwa na miaka minne, jukwaa la mijadala la Jamii Forums mitatu tangu lianze kwa jina la Jambo Forums, na mimi nilizisoma kwenye intaneti kafe ya mjini kwa kulipia nusu saa, nikijua kwamba yaliyomo humo kesho kutwa ndiyo yatakayokuwa kwenye kurasa zetu. Tuliwaita makanjanja, na stori zao tukazichukua. Nasema hivi kwa sababu bado nakutana na wazee wa magazeti wanaodhani maadili yalikuwa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa na usiku mmoja kati ya kuandika na kuchapa, basi. Usiku ule umetuokoa wengi, lakini haukuwa sifa yetu.

Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikitoka Bugorora, Ukerewe, siku ya gulio. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Nilifika kisiwani kesho yake asubuhi. Usiku wa kwanza takwimu rasmi ilikuwa vifo 44, na kazi ya uokoaji ilisimamishwa kwa sababu ya giza. Ijumaa hesabu ikapita mia, na ilipofika mwisho ilikuwa imepita 220. Kwenye simu za watu kulikuwa na namba nyingine tangu saa ya kwanza, mia tatu, mia nne, na sisi hatukuzigusa. Tulisubiri serikali ya mkoa itamke. Nilijivunia hilo, na bado nadhani tulifanya sawa, kwa sababu hata Jumamosi fundi wa kivuko alitolewa hai kutoka ndani, siku mbili baada ya wengi kukata tamaa. Mtu uliyekwisha kumhesabu na wafu anatoka anapumua.

Lakini siku ile ile ambayo hatukugusa namba bila ruhusa ya mkubwa, nilipiga picha miili ikiwa imepangwa ufukweni na sikumwomba mtu ruhusa. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti anafunua shuka moja baada ya jingine akimtafuta mtu wake. Nilimsogelea mpaka uso ukajaa kwenye kioo. Akanitazama, akasema tu, "Mayu," kama mtu anayemwita mama yake, sijui alikuwa ananiambia mimi au anamlilia aliyemkuta. Nikabonyeza. Picha ilipata sifa. Sikumuuliza jina, na leo hii namshukuru Mungu kwa uvivu huo, maana angalau jina lake halizunguki na uso wake.

Kwa hiyo ilipofika mwaka 2021 na yule mama wa Sengerema, sikuwa mgeni wa kosa. Nilikuwa na mazoezi ya miaka kumi na mbili.

Ukutani kwetu, kwenye fremu ya dhahabu, kuna leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tuliilipia tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotoka, ada wakati ule ikiwa shilingi milioni moja kwa mwaka na laki moja ya maombi, wakati blogu nyingi za watu wenye kompyuta moja na moyo zilifunga. Wakubwa wa ofisi walipenda kusema sisi ni rasmi. Ni kweli, na sikatai kwamba kanuni ina kazi yake, lakini leseni ile ilitufundisha kuogopa upande mmoja. Kila mtu pale ofisini anaijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 kwa kuchapisha taarifa za uongo. Tunaijua kama namba za simu za nyumbani. Na tunapoisoma, tunayemwona kichwani akitushtaki ni mtu mwenye cheo. Sijawahi kusikia kwenye kikao cha asubuhi mtu akisema tuwe makini, huyu muuza dagaa anaweza kutupeleka mahakamani.

Nilikwenda kumwona yule mama wa Sengerema baada ya wiki tatu. Nilichelewa kwa sababu niliogopa, nisitafute neno jingine. Mwenyekiti ndiye aliyenipeleka. Dada wa yule mama alikuwa ametoka hospitali, mtoto mchanga amelala kwenye mkeka, na yule mdogo wa miaka minne akakimbilia nyuma ya mlango alipotuona. Tulikaribishwa kwenye benchi. Nilikuwa nimebeba kilo mbili za sukari na sabuni, nikaziweka chini bila kujua niseme nini juu yake.

Jicho la kushoto la yule mama lilikuwa bado lina damu. Nilipojitambulisha, akainua mkono.

"Sauti yako naijua, dada," akasema. "Si lazima uniambie."

Nikasema pole. Nikasema tumeifuta siku ile ile. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, akamwambia dada yake alete simu. Klipu ilikuwepo. Walitumiwa na shemeji wa Geita, naye aliipata kwenye kundi la kwaya. Nembo yetu juu kwenye kona, sauti yangu inaanza. Kwenye basi la kurudi Sengerema kusalimia watoto wake, akasema, abiria mmoja alimtazama, akatazama simu, akamtazama tena, kisha akamvuta mtoto wake akamweka upande wa dirisha. "Hakusema kitu. Angesema ningemjibu."

Nikauliza, kwa ujinga, kama kuna gharama ofisi ingeweza kusaidia. Sikuwa na mamlaka hayo, wala ofisi haikuwa imesema chochote. Hakujibu habari ya pesa. Alisema: "Mliandika kwa maandishi makubwa. Andikeni tena makubwa vile vile, kwamba mimi si mwizi. Na hiyo sauti iwe yako."

Baraza la Habari, lililoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, lina kanuni ya marekebisho na lina kamati ya maadili ambako mtu kama yeye anaweza kulalamika bila kulipia wakili. Nilimweleza. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayeelekezwa njia ya mji ambao hana nauli ya kwenda. Alichokuwa anataka alikuwa amekwisha kukisema, na ndicho hicho hicho kilichomo kwenye kanuni. Yeye alikuwa hajaisoma, mimi nilikuwa nimeisoma.

Vita ya ofisini ilichukua siku nne. Bosi si mtu mbaya, ana mishahara ya watu tisa ya kulipa na matangazo yanayokuja kwa idadi ya watazamaji. Alisema tukisahihisha tutaonekana hatuaminiki. Nilimwuliza, kama yule mama angekuwa diwani, yeye angefanyaje. Alikaa kimya, akafungua kompyuta, akafunga, akasema fanya unavyotaka lakini usiweke jina la ofisi kwenye kichwa.

Tukaweka. Sauti yangu, herufi zile zile, rangi ile ile: TULIKOSEA: MAMA WA IGOMA SI MWIZI WA WATOTO. Hatukuonyesha uso wake tena. Hapo ndipo nilipokwama kwa nusu siku, maana unamsafishaje mtu bila kumwonyesha, na ukimwonyesha si ndiyo unamsambaza upya? Mwishowe alizungumza akiwa amegeuka, inaonekana kanga yake na mkono wa mtoto umeshika pindo. Klipu ya kwanza, katika saa chache ilizokaa kwetu, ilitazamwa na watu zaidi ya laki mbili. Ya pili haikufika elfu tatu mpaka mwaka unaisha. Maoni ya kwanza chini yake yalikuwa: "Mmehongwa shilingi ngapi?"

Yule wa bodaboda nilimtafuta nikanywa naye soda. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu ile siku alikuwa wapi hasa, na ikajulikana kwamba "hapa hapa" ilikuwa kijiweni kwake, kama kilomita mbili kutoka tukio lilipotokea. Klipu alitumiwa. Hakunidanganya kwa alivyoelewa yeye. Kwake Igoma yote ni hapa hapa. Mimi ndiye sikuuliza swali ambalo bibi yangu angemwuliza mtu yeyote anayeleta maneno nyumbani: umeona au umeambiwa? Sasa namwuliza kila mara, mpaka ananitania. Akipiga simu anaanza mwenyewe, "Dada, hii nimeambiwa."

Ofisini tulikubaliana mambo machache, mengine yakashika na mengine yakafa. Kuacha kubandika nembo kwenye klipu ambayo hatukuipiga sisi kulishika, labda kwa sababu ni kazi moja pungufu kwa kijana wa kuhariri. Kuacha "wananchi wenye hasira kali" nililisimamia mimi, na sasa tunaandika kundi la watu, na tunauliza polisi wangapi wamekamatwa kwa kupiga. Mara nyingi jibu ni hakuna, na tunaliandika hilo hakuna. Wazo langu kwamba kila mtu asiye na cheo asomewe na mwanasheria kama diwani lilichekwa, maana mwanasheria analipwa kwa saa. Hivyo nikabaki na njia ya kienyeji: nikiandika juu ya mama lishe, kondakta, mtuhumiwa wa kuku, nafuta jina kichwani naweka la mkuu wa wilaya, nasoma tena. Sentensi ngapi zinabaki zimesimama? Siku nyingine mbili. Siku nyingine kichwa cha habari chote kinaanguka na inabidi niondoke mezani.

Wenzetu bado wanatutangulia. Mwezi uliopita ilikuja klipu nyingine ya kufanana, mwanamume safari hii, na ofisi nyingine mbili ziliiweka wakati mimi natafuta namba ya mwenyekiti wa mtaa huo. Bosi alisimama nyuma ya kiti changu. Hakusema kitu, lakini alisimama.

Yule mama alihamia Mwanza moja kwa moja. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na mimi nanunua kwake ninapopita, ingawa sijui kama anapenda. Ananipimia, ananiongezea kiganja kimoja kama wateja wengine, hatuongei sana. Mtoto yuko shule ya msingi sasa na anapelekwa na mama yake mwenyewe. Mama mdogo hamshiki mkono barabarani, hata kuvuka. Wiki iliyopita alipomaliza kufunga mfuko akatoa simu kwenye pindo la kanga.

"Hii imekuja Jumapili," akasema. "Kutoka Kahama."

Sikuhitaji kuifungua. Nembo ilikuwa kwenye kona, ile ya zamani, nyekundu. Tumeibadilisha mara mbili tangu siku ile.